Dakika Sita, Sekunde Kumi na Nne

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mheshimiwa Feni, uliye juu ya dari na kwa hiyo juu yetu sote. Mheshimiwa Cherehani ya mke wangu Salma, mwenye chumba halisi. Ndugu Kompyuta Mpakato, mjumbe mpya. Ndugu Paka, mwalikwa asiye na kura. Nawe Shajara, mwandishi wa kumbukumbu. Mabibi na mabwana!

Nawataja mmoja mmoja kwa ngazi zenu kwa sababu leo, mahali pengine, ngazi zimekanyagwa.

Saa kumi na nusu alasiri, sebuleni kwa Bi Mwanakombo, mlezi wetu, hapa hapa Tandika, mbele ya wanachama ishirini na mmoja wa Chama cha Kaseti za Kale, mwenzetu Najat amemaliza gemu ya Kima kwa dakika nane na sekunde mbili. Rekodi yangu ni dakika nane na sekunde thelathini na moja. Ilikuwa. Ilikuwa!

Kwa faida ya wajumbe wapya: Kima ni gemu ya kaseti, kongwe kuliko nusu ya wanachama wetu. Kima mwekundu amekwapua ngoma ya mfalme na anakimbia nayo kupita hatua nane. Mamba hatua ya tano. Ukuta mrefu hatua ya sita. Akifika mwisho anaipiga ngoma, du-dum, na Mzee Mashaka, mtunza saa wetu, anabonyeza saa yake ya mkononi na kutangaza muda kwa sauti ya uwanjani.

Katiba yetu, Ibara ya Tisa: Mwenyekiti wa Chama atakuwa ni yule anayeshika rekodi siku ya Mkutano Mkuu. Ibara nzuri. Fupi, kali. Niliiandika mwenyewe miaka sita iliyopita, vidole vyangu vikiwa bado vya moto. Mkutano Mkuu ni Jumamosi tarehe 24.

Najat aliombwa aseme neno la ushindi. Alisimama, akasema, "Itifaki imezingatiwa, asanteni," akakaa. Mlezi wa Chama, mtunza saa, wazee watatu, wote wamefagiwa kwa maneno mawili! Mimi ningetumia dakika kumi na moja, na hakuna jina ambalo lingebaki nje.

Huyu ndiye atakayekalia kiti changu? Haiwezekani. Naapa mbele ya kikao hiki.

Jumatano, 7 Mei

Mazoezi tangu alfajiri. Jaribio la kwanza: dakika nane na hamsini na nane. La pili: tisa na kumi na mbili. La tatu: Kima aliliwa na mamba nikiwa bado natafuta kitufe.

Ni kidole gumba cha kulia. Kifundo kimekuwa kigumu kama bawaba ya geti la zamani. Umri wangu ni miaka arobaini na sita. Wa kidole nadhani ni sitini.

Salma alisimamisha cherehani na kuuliza ni nini hasa nitakachopoteza. Kiti cha mninga cha Mwenyekiti? Tutanunua kiti. Nilimweleza kwa utulivu. Kuna wakati harusi za Temeke yote zilinihitaji. Hakuna mjomba aliyesimama kabla sijamwita. Sasa washereheshaji ni vijana wanaoruka na singeli na kuwaita mashangazi "madada wa nguvu." Simu yangu haijaita kwa shughuli tangu mwaka juzi. Imebaki sebule moja tu, kila Jumamosi, ambapo nikisimama na kusema "mabibi na mabwana" watu ishirini na mmoja wananyamaza. Ibara ya Tatu inasema kipaza sauti ni cha Mwenyekiti. Kiti kikienda, kipaza sauti kinakwenda. Nitabaki naongea na nani?

Salma alisema, "Baba Khairiya, wewe mbona hata na feni unaongea."

Mheshimiwa Feni, naomba uelewe kuwa hakukusudia kukudharau.

Ijumaa, 9 Mei

Wajumbe! Nimepata njia!

Nilikuwa mtandaoni nikitafuta dawa ya vidole. Nikaangukia video ya mtu anayecheza gemu kongwe kwa namna ambayo binadamu hawezi. Nilisoma maelezo yote, mara mbili. Ni hivi: sekunde moja ya gemu ni picha sitini. Kuna programu inayojifanya ni mashine ya zamani, ndani ya kompyuta. Unaisimamisha kwenye picha moja, unachagua kitufe, unasogea picha inayofuata. Ukikosea unarudi nyuma. Mwisho unapata faili lenye kila kitufe na wakati wake, na faili hilo likichezwa, gemu inajicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kosa hata moja.

Hakuna kidole gumba ndani yake! Kuna subira tu. Na subira ninayo: niliwahi kusubiri mgeni rasmi saa tano juani huku nikiwachangamsha wageni.

Watu wanaofanya kazi hii huandika wazi, juu kabisa, kwamba mbio zimetengenezwa kwa vifaa, na huziweka kwenye orodha yake, mbali na za mikono. Hilo nimeliona. Nimelizingatia. Nimeliweka kando.

Jumapili, 11 Mei

Siku nzima kazini. Matokeo: sekunde nne za Kima.

Sekunde nne, lakini sekunde za namna gani! Anatua ukingoni mwa jiwe kwa ncha ya mkia. Amekufa mara mia mbili na kumi na mbili ili afanye hivyo mara moja. Nimeandika kila kifo daftarini, kwa saa na sababu. Salma aliliona daftari akadhani nimejiunga na chama cha mazishi.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama hii katika maisha yangu. Iwekwe kwenye kumbukumbu.

Jumanne, 13 Mei

Nilikwenda duka la dawa kuchukua mafuta ya kuchua. Kinondoni nzima na Temeke yote, na Najat kahamishiwa duka la mtaani kwetu! Yupo nyuma ya kaunta, koti jeupe, anahesabu vidonge kwa kasi ya kutisha. Vidole vile!

Aliniamkia vizuri, hilo sitamnyima. Akauliza dawa ni ya nani. Nikasema ni ya jirani. Akakitazama kidole changu. Akasema, "Kaka Shomari, mwambie jirani asikibonyezee kidole kwa ncha, alaze. Mie nilikuwaga naumwa hivyohivyo." Akanionyesha juu ya kaunta, kwa kutumia boksi la panadoli kama pedi ya gemu.

Ujasusi mtupu. Kwa nini mtu amfundishe mpinzani wake? Nimekataa kulaza kidole.

Halafu akalalamika, kwa heshima, kuhusu Ibara ya Nne. Alisema wiki ile alipoteza sekunde tisa kwa sababu Bi Mwanakombo aliingia sebuleni katikati ya mbio, ikabidi asimamishe gemu, asimame, amwamkie, arudi. Kwa nini saa isisimame pia?

Nilimjibu nikiwa nimenyooka. Ibara ya Nne niliiandika kwa machozi. Mchezaji atasimamisha gemu, ataweka pedi chini, atasimama na kumwamkia mzee anayeingia, na saa itaendelea, kwa kuwa adabu ni sehemu ya mbio. Chama kisicho na Ibara ya Nne ni kibanda cha gemu tu. Nilimwambia kwamba siku nitakayomkalia mzee kitako kwa ajili ya sekunde tisa, anipeleke nikazikwe.

Wateja wawili walipiga makofi. Siku njema.

Ijumaa, 16 Mei

Msiba, kisha muujiza.

Hatua ya tano ilinigomea siku tatu. Kima ama anagusa mamba ama anachelewa. Saa tano asubuhi nilikwenda kunywa chai. Niliporudi, Paka alikuwa amelala juu ya kompyuta, na Kima alikuwa katumbukia mtoni. Nilipiga kelele mpaka Salma akajichoma sindano.

Kisha nikatazama vizuri. Kima hakuwa amezama. Alikuwa amekanyaga pua ya mamba wa kwanza, akarushwa juu ya wa pili na wa tatu, akatua ng'ambo. Sekunde kumi na moja zimeokolewa! Kwa miaka ishirini watu wazima tumewakwepa wale mamba mmoja mmoja, kumbe walikuwa daraja.

Kwa mamlaka niliyonayo, Ndugu Paka amepandishwa kuwa mjumbe kamili mwenye kura.

Na si hayo tu. Ukuta wa hatua ya sita unapenyeka! Kima akiruka kinyumenyume, mgongo ukigusa tofali la nne, kwenye picha moja tu kati ya zile sitini, anapita ndani ya ukuta kama hakuna kitu. Kwa mkono ni jaribio moja katika elfu. Kwa faili ni kila mara.

Jumatatu, 19 Mei

Limekamilika. Dakika sita, sekunde kumi na nne.

Nilimwita Salma aje atazame. Alitazama akiwa na uzi mdomoni. Kima aliruka, akateleza, akakanyaga mamba, akapita ukutani, akapiga ngoma. Nilikuwa nalia. Salma aliutoa uzi. Akasema, "Kazuri jamani. Kanakimbia kama hakana mifupa. Umekatengeneza wewe?"

Nikasema mimi, kila picha.

Akasema basi niwaonyeshe watu hivyohivyo, niwaambie nilivyokaa wiki mbili nikikafanyia kazi, maana yeye mwenyewe asiyejua gemu kapata raha. Nikamwambia ndiyo nia yangu hasa, kuwaonyesha. Sehemu ya pili ya sentensi yake niliiacha ipite.

Mchana nikaenda Kariakoo kwa Fredrick, fundi. Alifungua pedi yangu, akapachika ndani kibao kidogo cha umeme chenye faili langu, akafunga. Kwa nje ni pedi ileile, na waya wake uleule. Akanipa maelekezo: "Mkuu, ukishabonyeza cha kuanzia, wewe tulia. Vitufe vingine nimevikata, hata ukivitwanga havisikii. Yeye ni mpaka mwisho."

Nikauliza kama kuna hatari yoyote. Akafikiri. Akasema labda umeme ukatike. Nikamwagiza betri kubwa ya akiba. Nimefikiria kila kitu.

Alhamisi, 22 Mei

Mazoezi ya uso.

Faili linajicheza, kinachobaki kwangu ni kuonekana nacheza. Mbele ya kioo: kuuma mdomo, hatua ya kwanza. Kuinama kushoto Kima akienda kushoto. Kufuta jasho, hatua ya nne. Ukutani nitafumba macho, kama mtu anayekumbuka jambo la utotoni. Salma aliniuliza kama ni jino.

Hotuba ya kukubali kuendelea na uenyekiti: kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza hadi wa nne ni majina.

Mpangilio wa viti nimeuchora. Mbele kabisa katikati, Bi Mwanakombo, mlezi. Kulia kwake Mzee Mashaka na saa yake. Waheshimiwa, kesho kutwa mtaniona!

Jumamosi, 24 Mei, jioni

Wajumbe tulieni.

Sebule ilijaa. Watu hadi barazani. Najat alianza. Dakika saba na sekunde hamsini na nne! Kwa mikono yake, mbele ya macho yangu. Walimshangilia. Nami nilishangilia, kwa kiwango kinachotakiwa. Kisha nikaenda kwenye kiti cha mninga, nikatambua uwepo wa wote kwa mpangilio, nikagundua kiti cha mbele katikati ki wazi. Bi Mwanakombo alikuwa jikoni, anamalizia kaimati za wageni. Alituma neno kwamba tusimsubiri.

Nilipaswa kumsubiri. Siku zote nimesema mgeni rasmi asubiriwe!

Nikabonyeza cha kuanzia. Mzee Mashaka akabonyeza saa. Kima akaruka.

Mabibi na mabwana, zile dakika tano za kwanza zilikuwa tamu kuliko harusi zote nilizosherehesha. Niliuma mdomo. Niliinama kushoto. Sebule ilinyamaza, kisha ikaanza kunong'ona, kisha mtu nyuma akasema, "Huyu mzee kala nini leo?" Kima akatua kwa mkia. Watu wakasimama. Najat alikaa mbele sakafuni, mdomo wazi, na sijawahi kumwona mtu akiangalia kazi yangu kwa namna ile. Hatua ya tano. Mamba wakatokea.

Pazia la jikoni likafunguka. Bi Mwanakombo, na sinia la kaimati.

Sikufikiri. Naomba kikao kielewe, hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Miaka arobaini na sita ya malezi ya mama yangu ilinyanyua makalio yangu kutoka kitini. Pedi niliiweka kitini. Nikamgeukia. Akaweka sinia, akauzungushia mkono ncha ya kanga, akanipa. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikainama.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Salma hajambo? Khairiya huko chuoni anasemaje, wanamlisha?"

Hajambo, Bibi. Anasema wanamlisha, Bibi. Na nyuma yangu, mgongoni, nikasikia: ting. Ting. Ting. Kima akikanyaga mamba, mmoja, wawili, watatu.

Sebule ilikuwa kimya kama inakaguliwa.

Mkono wa mzee hauvutwi. Mzee ndiye anayeuachia. Na Bi Mwanakombo akikushika haachii kabla hajafika kwenye mifugo. Akauliza mgongo wa Salma. Akauliza bomba la uani. Nami najibu, alhamdulillahi, alhamdulillahi, jasho la kweli sasa likitiririka, lile nililolifanyia mazoezi halikuhitajika. Nyuma yangu mtu akapiga yowe. Nilijua ni ukuta. Kima alikuwa amepita ukutani na mimi sikuwepo kuona.

"Na paka wenu yule?" akauliza Bi Mwanakombo.

Du-dum.

Mzee Mashaka ni mtu wa kazi. Saa ikibonyezwa, tangazo hutoka, hata nyumba iungue. Akatangaza, "Dakika sita! Sekunde kumi na nne!" Kisha akavua miwani, akanitazama, akaitazama pedi iliyolala peke yake juu ya mto wa kiti. Akauliza, "Na mchezaji yuko wapi?"

Nilisema neno. Ningependa kusema lilikuwa neno zuri. Nilisema kwamba nimefanya mazoezi kwa kiwango ambacho pedi imeanza kuzoea.

Walicheka mpaka kaimati zikamwagika. Mmoja akauliza kama naweza kumwazima pedi imwendee kazini Jumatatu. Mwingine akaiamkia pedi, shikamoo mwenyekiti. Mzee Mashaka akachukua daftari la rekodi na kusema hajui aandike jina la nani, maana hakuona mtu. Bi Mwanakombo pekee hakuelewa. Aliniambia nisijali maneno ya watu. Nilikuwa na adabu kuliko wote mle ndani, kwa sababu wengine walimgeuzia mgongo wakitazama nyani.

Najat hakucheka. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaichukua pedi, akaitikisa sikioni kwake. Akaniuliza taratibu, "Kaka Shomari, hii faili umetengeneza mwenyewe? Picha kwa picha? Ule ukuta uliupataje?"

Nilitoka kupitia uani. Hotuba bado iko mfukoni. Imelowa.

Jumapili, 25 Mei

Sikutoka chumbani. Saa nne Salma akasema nina mgeni. Najat, na barua yenye muhuri wa Chama. Muhuri wangu!

Nilimwambia kuwa nimejiandaa kufukuzwa na ningependa kufukuzwa kwa utaratibu. Alisema hakuna anayefukuzwa. Akasoma. Kwanza: uenyekiti umekwenda kwake, kwa Ibara ya Tisa. Pili: inaanzishwa Orodha ya Mbio za Vifaa, itakayoandikwa wazi kuwa ni ya vifaa, na rekodi ya kwanza ndani yake ni ya Shomari Kondo, dakika sita na sekunde kumi na nne, naombwa nije Jumamosi yoyote nifundishe wanachama namna ya kutengeneza. Tatu: Mwenyekiti mpya hawezi hotuba. Kwa hiyo kipaza sauti kinabaki kwangu, mshereheshaji wa kudumu, kila Jumamosi, muda wowote nitakaohitaji.

Akaongeza kwa mdomo wake, "Mie nikisimama mbele za watu nasahau hata jina langu. Ndiyo maana nasemaga itifaki imezingatiwa. Siyo dharau, kaka. Ni woga."

Salma alimletea juisi. Alikaa saa nzima akitazama daftari la vifo. Aligusa kurasa kama mtu anayesoma barua. Alipoondoka Salma akaniambia, "Haya. Watu unao, kipaza sauti unacho, na kanyani kako kana jina lako. Umeridhika?"

Nilihisi kitu kifuani, laini, kama pazia likivutwa. Nilikaribia kuridhika.

Ikapita.

Jumatatu, 2 Juni

Mheshimiwa Feni. Mheshimiwa Cherehani, ambaye mmiliki wako ametoka kupeleka nguo za wateja na kwa hiyo tuna faragha. Ndugu Kompyuta Mpakato. Ndugu Paka, mjumbe kamili. Shajara. Nawashukuru kwa kuitikia wito wa kikao cha dharura.

Nimetafakari kwa siku nane. Nimefanya tathmini ya kina ya kilichotokea. Nimekubali makosa, kama kiongozi anavyopaswa. Kosa lilikuwa moja: faili halikuwa na mapumziko ya kuamkia.

Ibara ya Kumi na Mbili inaruhusu mwanachama kumpinga mshika rekodi ndani ya siku thelathini. Juzi, baada ya kusherehesha ufunguzi wa Orodha ya Mbio za Vifaa (dakika kumi na tisa, watu wote kimya, mmoja alilia), nilimkabidhi Najat barua ya changamoto. Safari hii kwa mikono, niliandika. Alifurahi. Aliniuliza kama sasa nimeanza kulaza kidole. Nikasema ndiyo. Changamoto ni Jumamosi tarehe 14.

Faili jipya liko tayari. Nimeweka makosa matatu ya makusudi ili lionekane la binadamu. Hatua ya pili Kima anateleza, inapendeza sana. Ule ujanja wa kupenya ukuta nimeuondoa. Na mamba nimewakwepa mmoja mmoja, kizamani. Hata hivyo ni dakika saba na sekunde mbili.

Sasa mapumziko. Kwa asubuhi sita mfululizo nimepita kwa Bi Mwanakombo kumwamkia, saa ikiwa mfukoni. Wastani wa salamu yake ni sekunde arobaini na moja. Akifika kwenye paka, hamsini na tatu. Amefurahi mno, anasema siku hizi hakuna mtu mwenye adabu kama mimi. Nimeingiza mapumziko ya sekunde arobaini na moja, kuanzia dakika ya tatu na sekunde ishirini. Jumla ni dakika saba na sekunde arobaini na tatu. Najat ana saba na hamsini na nne. Kiti ni changu! Fredrick anapachika kesho. Aliniuliza, "Mkuu, kwa nini usicheze tu mwenyewe?" Mafundi hawana upeo.

Limebaki jambo moja dogo, na ndilo nililowaitia. Bi Mwanakombo lazima aingie sebuleni dakika ya tatu na sekunde ishirini. Si kumi na tisa. Si ishirini na moja. Na asimtaje paka.

Kwa hiyo kikao kinaombwa kuazimia kama ifuatavyo. Kwamba tarehe 14 Juni, kaimati ziive kwa wakati huo kamili. Kwamba wajumbe wote, kila mmoja kwa nafasi yake, wahakikishe hilo, na wasiliseme kwa Salma. Kwamba Ndugu Paka, ili asitajwe, kuanzia leo asionekane mtaani.

Wanaoafiki waseme ndiyo.

Mheshimiwa Feni amezunguka.

Wasioafiki waseme siyo.

Ndugu Paka ametoka nje.

Waliosema ndiyo wameshinda. Utekelezaji unaanza mara moja.